Ami Aliyeijua Kilindini kwa Kiganja

Mwanangu, sisi watu wa Mombasa tumezungukwa na maji pande zote, tunakula kilichomo ndani yake mchana na usiku, na bado wengi wetu hatuyajui. Tunayajua kwa macho tu, tukiwa tumekaa ufukweni pa Mama Ngina na mihogo ya kukaanga mkononi, au tumesimama kwenye feri tukiomba ifike. Ami yangu aliyajua kwa kiganja. Alikuwa mpiga mbizi wa jeshi la wanamaji, na maji ya Kilindini, ambako alifanya kazi miaka mingi, ni mazito kwa tope na mafuta ya meli. Ukishuka mita chache huoni hata mkono wako. Kwa hiyo alijifunza kupapasa. Aliweza kuzunguka tumbo la meli nzima gizani, akipitisha mkono kwenye bati, na akipanda juu akakwambia wapi rangi imebambuka, wapi chaza wameota, na wapi kamba imejisokota kwenye panga za rafadha. Mikono yake ilijaa makovu membamba meupe ya magamba hayo ya chaza. Akikupa salamu ulikuwa unayahisi.

Aliingia kazini kijana mdogo, katika miaka ya hamsini, wakati bado kulikuwa na lile jeshi la wanamaji la kikoloni lililoitwa la Kifalme la Afrika Mashariki, lenye makao yake hapa hapa Mombasa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusugua sitaha na kubeba makaratasi ya Waingereza. Alikuwa akiitaja manuwari yao Rosalind kwa jina, namna mtu anavyomtaja mwalimu wake wa chuoni, mkali lakini aliyemfundisha kusoma. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, akarudi nyumbani akavua samaki. Kenya ilipopata jeshi lake la wanamaji, Desemba 12, 1964, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kujiandikisha Mtongwe. Baadaye akapelekwa Portsmouth, Uingereza, kusomea kupiga mbizi. Nilipokuwa mdogo nilidhani Ulaya ni mahali pa taa na magorofa. Yeye alichokumbuka ni baridi ya maji, ambayo alisema inaingia kwenye meno, na harufu ya mpira wa nguo za mbizi zilizokauka usiku kucha karibu na moto wa makaa.

Nyumba yake ya Mtongwe ilikuwa ya mawe na chokaa, paa la makuti, na uani mkungu mmoja mkubwa ambao chini yake aliweka benchi la mbao alilookota pwani. Ungeingia ukakutana na harufu tatu: mchaichai unaochemka, mafuta ya taa, na kamba mbichi za katani. Mke wake, ambaye tulimwita Mama Mkubwa, alipika wali wa nazi na mchuzi wa changu wa kukaushwa kwa ukwaju, na siku ambazo mshahara umeingia alituma mtoto kununua nguru. Ami alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini, na sikio lake la kushoto halikusikia vizuri kwa sababu kiwambo kilipasuka zamani kazini. Ukitaka kuzungumza naye ulikaa kulia kwake. Sisi watoto tuligombania upande huo.

Alinifundisha sayansi kabla ya shule kunifikisha hapo. Alisema hewa tunayovuta ina uzito, na maji yana uzito zaidi. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unaokubana ni maradufu ya ule wa juu. Naitrojeni iliyo katika hewa ya mtungi inasukumwa kuingia kwenye damu na mafuta ya mwili, ikatulia humo kimya. Ukipanda polepole inatoka kwa mapafu bila taabu. Ukikurupuka inatoka kwa mapovu ndani ya viungo, kwenye mabega na magoti, na mbaya zaidi kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana wapiga mbizi wa zamani walikuwa na kanuni ya kutoyapita mapovu yao madogo kabisa wakati wa kupanda: unayatazama yakienda juu, nawe unayafuata nyuma. Jambo jingine alilonisimulia sikuliamini mpaka niliposoma fizikia. Siku moja kwenye matumbawe ya Kisite, kule Shimoni, alijikata kidole kwa chaza akiwa chini sana, na damu ilitoka kwa rangi ya kijani. Maji humeza wekundu wa mwanga kabla ya rangi nyingine zote. Alikaa pale akikitazama kidole chake kikifuka moshi wa kijani, mpaka mwenzake akamvuta mkono akidhani amepotewa na akili.

Alistaafu mwaka 1976, bado hajafika hamsini, na mwaka uliofuata bahari ikamwita tena kwa njia ambayo hakuitarajia. Huko nyuma, mwaka 1697, manuwari ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná ilikuja kutoka Goa kuiokoa Ngome ya Yesu, iliyokuwa imezingirwa na majeshi ya Oman tangu mwaka uliotangulia. Ndani ya ngome maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno, hata ulinzi wake ukashikwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza, Mswahili mwenzetu, jambo ambalo ningependa watoto wetu walijue kabla ya kujua majina ya magavana. Meli hiyo ikazama pale pale chini ya ngome, na ngome yenyewe ikaanguka Desemba 1698. Mabaki ya meli yalilala kwenye tope karibu karne tatu. Mwaka 1977 wakaja wataalamu wa mambo ya kale ya baharini kutoka nje, wakiongozwa na Robin Piercy, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa, nao wakachimba chini ya maji kwa misimu kadhaa hadi 1980.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Ami alipata kazi ya mashua, kupeleka watu na vyombo na kuangalia nanga, akanitafutia nami kibarua cha nchi kavu kwa shilingi 10 kwa siku. Shilingi 10 wakati ule zilikuwa fedha. Kikombe cha kahawa chungu pale Mkanyageni kilikuwa senti kumi, na kwa shilingi moja ulipata mahamri na mbaazi ukashiba mpaka adhuhuri. Kazi yangu ilikuwa kujaza maji baridi kwenye mapipa na kuyabadilisha. Kitu kilichokaa baharini miaka mingi kimenywa chumvi. Ukikitoa ukakiacha juani, chumvi inageuka fuwele na kukipasua, na mbao zinanywea na kujikunja. Kwa hiyo kila kilichopanda juu kililazwa majini tena, wiki kwa wiki, mpaka chumvi iishe. Nilishika kwa mikono hii vigae vya kaure ya Kichina vyenye maua ya buluu mabichi kabisa. Nilishika kipande cha mbao cheusi kilichonuka yai viza, harufu ya tope lisilopata hewa, na tope hilo hilo ndilo lililokihifadhi, kwa sababu wadudu watoboao mbao hawakai penye uhaba wa hewa.

Wazungu wale walikuwa na vifaa bora kuliko vya Ami, na vijana wao walikuwa hodari. Hata hivyo nilimwona Ami akisimama kwenye mashua asubuhi, anatia vidole majini, anatazama upande ambao vimbunga vidogo vya maji vinazunguka kwenye kamba ya nanga, kisha anasema, "Ngojeni robo saa." Wakangoja. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na mlango ule wa bandari ya kale ni mwembamba, kwa hiyo mkondo wake unaweza kumburuta mtu mzima. Ami hakuwa na kitabu cha majedwali mkononi. Alihesabu mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanakwenda kwa nguvu. Mwezi saba na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, na hapo ndipo mtu hufanya kazi ya chini kwa utulivu. Kila mvuvi wa Kuze alilijua hilo. Yeye alilijua kwa dakika.

Lakini nikikwambia kwamba mtu huyu aliipenda bahari kuliko kitu chochote nitakuwa nimekudanganya. Aliiheshimu. Alichokipenda ni pori. Ukimkosa nyumbani siku ya mapumziko, ujue amepanda basi Likoni kwenda Kwale, na shuka, panga, chupa ya chai na mkate wa mofa uliofungwa kwenye leso. Wenzake waliostaafu walikaa barazani wakicheza bao. Yeye alikwenda Shimba Hills kulala kifudifudi kwenye nyasi akitazama palahala. Msitu ule ni mahali pekee nchini Kenya ambapo utamkuta palahala porini, dume jeusi linalong'aa, tumbo jeupe, na pembe zilizopinda nyuma hadi karibu kugusa mgongo. Ami alinifundisha kuwakaribia kwa kupanda dhidi ya upepo, hatua moja, kisha kusimama mpaka pumzi itulie, kisha hatua nyingine. Asubuhi ukungu hutoka baharini ukajaa mabondeni, ukalowesha nguo mpaka zikawa nzito, na kuna harufu ya majani yaliyooza na ya udongo mwekundu ambayo mimi hata leo nikiipata kokote huwa natafuta alipo.

Nilipata kumuuliza kwa nini. Nilikuwa kijana, nilitaka jibu la haraka. Alimenya chungwa kwanza, polepole, ganda lote kwa mkunjo mmoja, akanigawia nusu. Akaniambia kwamba miaka yote ile alifanya kazi mahali ambapo hawezi kuona, na mara nyingi alichotumwa kukitafuta gizani ni maiti. Mabaharia walioanguka usiku, watoto waliokwenda kuoga, mvuvi aliyenaswa na nyavu zake. Unapapasa, unapapasa, kisha kiganja kinagusa nguo. "Sasa nataka kuona vitu vilivyo hai," alisema, "na kuviona kutoka mbali." Hakuongeza neno, nami sikumdadisi.

Ndivyo ilivyokuwa hata siku ile ya Agosti 22, 1978. Ilikuwa likizo, tumelala msituni, na tukateremka hadi Kwale baada ya adhuhuri tukitafuta basi. Maduka yalikuwa yanafungwa, moja baada ya jingine, bila kelele. Wanaume walikuwa wamekusanyika kwenye redio ya muuza duka mmoja, na uso wa kila mtu ulikuwa umekauka. Mzee Kenyatta alikuwa amefariki usiku kule Mombasa, Ikulu, maji kidogo tu kutoka nyumbani kwa Ami. Mzee mmoja wa Kidigo alikuwa akirudia kuuliza, "Na sasa?" na hakuna aliyemjibu. Ami alivua kofia. Alikuwa amewahi kusimama kwenye gwaride mbele ya Mzee, jua la Desemba likimchoma shingo, na alichokumbuka zaidi ni kwamba Mzee alipita akinusa, akatabasamu, kwa sababu nyuma ya jukwaa kulikuwa na mtu anachoma mahindi. Tulirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, maana mabasi yalikuwa machache, na njia nzima alinionyesha ndege: furukombe juu ya mnazi, kisha hondohondo kwenye mvule. Hakuwa na utovu wa adabu kwa msiba. Hivyo ndivyo alivyojituliza.

Kwa upande wa mama alikuwa Mdigo, na kwa hiyo kaya za Kusini, ile misitu mitakatifu, zilikuwa kwake mahali pa wazee wake. Kaya ya Kinondo alikwenda kwa idhini, amevaa kaniki, na hakuruhusu mtu apige kelele wala aokote hata kijiti. Aliwakasirikia sana wakata miti, na hasira yake ilikuwa ya mtu anayejua hesabu: mbambakofi mmoja wa unene ule alioukumbatia una umri wa babu wa babu yako, nao unaangushwa asubuhi moja ukawa mlango wa nyumba ya mtu. Zilipoorodheshwa kaya hizo kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, Ami alikuwa keshakufa. Nilimkumbuka siku hiyo kuliko siku ya matanga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nikuandikie. Ijumaa ya Aprili 29, 1994, asubuhi, kivuko cha Mtongwe kilitoka kuelekea kisiwani kikiwa kimefurika watu: makarani, vibarua wa bandari, wauza mboga, watu waliojipanga kwa siku ya kazi. Kikapinduka. Walikufa watu 272, na kilipopindukia ni mita 40 hivi kutoka ufukweni. Nilikuwa mwalimu wakati huo na shule zilikuwa zimefungwa. Niliposikia nilivuka kwa Likoni, nikaenda Mtongwe mbio, moyo mkononi, nikijua kwamba Ami na Mama Mkubwa huvuka hapo kwenda sokoni. Nilimkuta hai, amesimama ndani ya maji hadi mapajani, shati limelowa, na leso tatu begani. Hakuniuliza salamu. Alinipa leso moja akanionyesha kwa kidevu mahali pa kwenda.

Umri wake ulikuwa umekaribia sitini na bega lake halikuweza tena kubeba mtungi wa hewa. Wapiga mbizi walikuwa vijana. Ami hakujifanya mkubwa wao. Alikaa ukingoni siku zile zote, akawachemshia chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa ya harusi ya Mama Mkubwa, na kila kijana alipotoka majini alimshika mikono yote miwili akaisugua mpaka damu irudi, bila kumuuliza amegusa nini. Kwa sababu yeye alijua. Wenye mitumbwi walipomwendea kumuuliza, aliwaambia maji yakigeuka wakatazame upande gani. Kina mama waliokaa mchangani aliwaletea maji ya kunywa kwa kikombe kimoja cha bati, akipiga goti mbele ya kila mmoja. Kulikuwa na harufu ya ubani, ya dizeli, na ya mvua ya masika iliyokuwa inanyemelea. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika kiatu cha mtoto wa shule, cheusi, kimepigwa rangi vizuri. Sijui kama yule mtoto alipatikana. Nakumbuka kamba ya kiatu ilikuwa imefungwa mafundo mawili, kama mama anavyomfungia mtoto anayechelewa.

Jioni ya siku ya pili tulikaa kwenye benchi chini ya mkungu. Mama Mkubwa aliweka chakula, hakuna aliyekigusa. Nilikaa kulia kwake ili anisikie, lakini sikuwa na la kusema. Baada ya muda mrefu Ami akasema, "Mita arobaini." Akanyamaza. Kisha akasema tena. Ukweli ni kwamba mtu akiwa amefungiwa chini ya chuma hata kuogelea hakumwokoi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alijua pia kwamba walikuwapo walioangukia maji matupu, mchana, pwani wakiiona, na maji yakawashinda kwa sababu katika mji huu wa maji hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Maji mafu ya kwanza baada ya msiba, Ami alikwenda mlango kwa mlango akiomba apewe watoto awafundishe kuogelea. Wengine walimfukuza, majeraha yalikuwa mabichi, nani atampeleka mwanawe baharini wakati ule? Hakugomba. Alianza na wajukuu wake na mtoto wa jirani. Alifunga madumu matupu ya mafuta ya kupikia kwa kamba za katani, akawavisha kwapani. Somo la kwanza halikuwa kupiga mikono. Lilikuwa kulala chali, masikio ndani ya maji, na kuvuta pumzi hadi mtoto ahisi mwenyewe jinsi kifua kinavyomwinua na kumshusha. Mtoto haruhusiwi kuendelea mpaka aweze kulala hivyo huku Ami akimsomea Fatiha taratibu hadi mwisho. Wasichana waliwekewa zamu yao ya alasiri, na Mama Mkubwa akiwa majini pamoja nao, dera na leso mwilini, akiwakemea wavulana waliochungulia kwenye mikoko. Ndani ya miaka michache pwani ile ikawa na kundi la watoto waliopiga mbizi kufuata senti zilizotupwa, na Jumamosi nyingine aliwachukua hao hao kwenda Shimba kuwaonyesha palahala. Kwake lilikuwa somo moja. Alifariki mwaka 2004, kitandani mwake, na waliobeba jeneza wengi wao walikuwa watu aliowafundisha kulala chali juu ya maji.

Mimi nimeirithi kazi hiyo, ingawa sina ujuzi wake. Likoni bado feri hujaa alfajiri na magharibi, na bado nakutana na vijana wa kisiwani, wenye simu nzuri na shahada, ambao maji yakiwafika kifuani wanakauka kwa hofu. Mwanao sasa ana miaka saba, nawe unaniambia anasoma vizuri huko Nairobi na ana baiskeli. Vyema. Desemba, shule zikiwa zimefungwa, kaskazi itakuwa imeshika na maji yatakuwa maangavu. Mlete. Madumu ninayo, kamba mpya nimenunua, na siku za maji mafu nimekwisha kuzihesabu.